Mama Nani Kasema na Sentensi ya Fundi Bomba

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu na kitinda mimba. Kaka yake mkubwa, fundi bomba, aliyeandika maneno haya, anakumbuka kuwa neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa "nani?"

Alianza shule mwaka 1965, akamaliza chuo kikuu 1981. Tasnifu yake ya mito na mafuriko aliiandika mwaka 1986 nyumbani kwa kaka yake, kwenye meza moja, huku vitabu, huku koki na mabomba.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na fundi wa kujalidi vitabu. Barua ya kwanza ya uchumba ilikuwa tamu mno. Akaizungushia kalamu ya kijani, akairudisha: "Nani kasema?" Bwana harusi akakiri kaitoa kwa rafiki. Ya pili ilisema, "Nakupenda. Basi." Hiyo akaikubali.

Alifundisha chuoni miaka thelathini na moja, chumba cha mwisho ghorofa ya pili, dirisha lisilofunga. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuandika bila kuiba maneno ya watu. Sentensi iking'aa kuliko jirani zake, kalamu ya kijani: nani kasema? Ndipo wakambandika jina la Mama Nani Kasema. Mashine za kukagua wizi wa maneno zilipokuja, alisema, "Hii itakwambia yamefanana. Haitakwambia mtoto kaogopa nini."

Mwaka 2009 binti mmoja alileta kazi iliyoandikwa, "Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu."

"Hongera, mwanangu. Umeoa lini?"

Binti akalia. Kamati ilitaka kumfukuza. Marehemu akamwambia afunge daftari, aeleze kwa mdomo. Akaeleza hadi chai ikapoa.

"Yote unayajua! Sasa ulikwenda kuiba nini?"

"Mwalimu, maneno yangu ni ya nyumbani tu."

Jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akafungua tasnifu yake mwenyewe. Ukurasa wa 41: Maji hayasahau njia yake. Alama za kunukuu hazikuwepo. Akapiga simu.

"Kaka, 'maji hayasahau njia yake', nani kasema?"

"Si ni mimi, siku ile sinki limeziba! Kwani vipi?"

"Nimekuibia miaka ishirini na tatu."

"Basi nirudishie," kaka akacheka.

Akarudisha kweli. Kesho yake aliiweka tasnifu mbele ya kamati, ukurasa wa 41 umebandikwa karatasi: Sentensi hii ni ya kaka yangu, fundi bomba. "Mkimfukuza huyu, anzeni na mimi." Binti akapewa kurudia mwaka. Leo naye ni mwalimu, amekaa safu ya tatu hapa msibani.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023. Wiki ya mwisho alimwagiza kaka yake aandike wasifu huu.

"Mimi sikusoma, dada."

"Ndiyo maana. Usinakili wa watu."

Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja na kaka mmoja.

"Apumzike kwa amani." Hayo yametiwa alama za kunukuu kwa kuwa kaka yake ameyakuta kwa watu. La kwake ni hili: kitinda mimba, umeruka foleni.