Swali la Delfina kwa Mhitimu

Benchi la nje ya duka la mikate la Medeiros, pale mjini Fall River, Marekani, lina wenyewe. Kuna Armindo, anayeitwa Jaji kwa sababu alilinda mlango wa mahakama mpaka akastaafu; kuna Lou Ramani, aliyeendesha malori nchi nzima; na Bi Connie, Redio, ambaye hazimiki. Alasiri hiyo walimbana Delfina Furtado katikati yao, kahawa mikononi. Muda si mrefu angekutana humo dukani na mhitimu wa chuo alichoomba kujiunga nacho, ambaye angemsaili kisha kupeleka maoni yake chuoni. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo, na Delfina alikuwa ameapa kufika.

— Usiagize kahawa, — Jaji alianza. — Atakuona una tamaa.

— Wee! Asipoagiza ataonekana mnyonge, — akadakia Redio. — Aagize chai. Chai ni ya wasomi.

— Nyie hamjui kitu, — alisema Lou. — Huyo mhitimu atamwaga kahawa yake makusudi, aone kama binti atapangusa. Niliambiwa nikiwa Ohio.

— Ohio! Kila uongo wako una jimbo lake, — Redio akacheka.

— Haya, cheka. Na yule mle ndani mwenye gazeti? Ni mwenzake! Huja wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anahesabu ukipepesa macho.

Delfina alikodoa macho mpaka yakamuuma. Redio alikuwa keshamchomeka kifuani pini yake ya jogoo, nembo ya Ureno ya wazee wao, ati mhitimu ajue binti ana kwao.

Mwanamke mwenye koti la mvua akatoka dukani na kikombe chake.

— Meza zote zina watu. Naomba niketi.

— Karibu, mama, — alisema Jaji, akijisogeza. — Tunamfunda binti yetu. Ana usaili wa chuo.

— Nimewasikia tangu mlangoni. Majibu anayo tele. Na yeye mwenyewe, anataka kuuliza nini?

Redio, kwa mara ya kwanza mwaka huo, akazimika.

Delfina akawatazama mmoja mmoja, hasira zikampanda. Wiki nzima wamemjaza majibu, na hakuna aliyemuuliza hilo! Akaichomoa ile pini, akamrudishia Bi Connie kwa upole.

— Nitamuuliza hivi: siku ya kwanza kule, ulikula na nani?

Mwanamke akamgeukia.

— Peke yangu, — akasema. — Mwezi mzima, na kila usiku nikitaka kurudi nyumbani. Mimi ndiye mhitimu unayemsubiri, Delfina, Noreen Talbot. Naona meza moja imeachwa. Twende, nikueleze kwa nini sikurudi.

Kahawa ya Lou ikamwagika yote, ikatiririka benchini hadi kwenye suruali ya Jaji.

Delfina alikuwa keshashika mlango.

— Pangusa mwenyewe, mzee Lou! — akasema, akaingia.