Malundo Kumi na Moja ya Mawe

Wa kwanza kuyasema haya ni Leonce mwenyewe, fundi mwashi wa Rhotia, asubuhi ya Jumamosi, tarehe kumi Juni 2023, ukungu ukiwa bado haujatoka mashambani. Daktari alikuwa amemkataza kukaa, naye akakaa, akaegemezwa mito miwili kwenye kiti cha sebuleni, mlango ukiwa wazi. Mkewe Angelina alikuwa kulia kwake. Mbele yake walikuwa watoto wake wawili: Isaya, anayewaendesha watalii ndani ya kreta kutazama wanyama, na Penina, aliyepewa kalamu na kuambiwa aandike bila kupamba. Penina aliandika hivi.

Sikilizeni, wanangu, na asinikatishe mtu, maana pumzi niliyo nayo nimeipimia maneno haya na sina ya ziada.

Naanza na vya hapa, kwa kuwa ni vyepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapoondoka mwenyewe, na asije mtu kumwambia ahamie chumba cha uani. Shamba la juu, linalopakana na barabara, ni la Penina. La chini, la mbaazi, ni la Isaya. Ng'ombe wagawaneni mama yenu akiwa amekaa anawatazama, ili msitukanane. Pimamaji iliyo juu ya kabati si yangu, ni ya Talha wa duka la vifaa pale Karatu mjini, aliniazima nilipojenga tangi la kanisa, na kila nikipita ananitania, "Fundi, ukuta bado haujanyooka tu?" Mrudishieni, na mwambieni umenyooka.

Sasa ndugu yangu Piusi. Mnajua nimekaa miaka tisa bila kula nyumbani kwake kwa sababu ya lundo la mawe la mpakani, alilolisogeza hatua tatu kuingia kwangu, nikampeleka baraza la kata, nikashinda, nikatoka pale kichwa juu, na yeye mpaka leo hajalirudisha. Lundo hilo liacheni lilipo. Msimdai. Isaya, usinitazame hivyo, najua ni hatua tatu za ngano nzuri. Nitakuambia kwa nini, na hapo ndipo penye wosia wenyewe, hayo mengine ni vyombo tu.

Mwaka 2006 nilikwenda Burundi. Mlikuwa wadogo, mnakumbuka zawadi, hamkumbuki safari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wanarudi kutoka kambi za Kigoma, na shirika moja la msaada lilikuwa linatafuta mafundi wa mawe, kwa kuwa lilitaka kuwajengea shule ya kudumu, si ya tofali za udongo. Padri alinitaja mimi. Tulifika kwenye kilima ambacho nyumba zake zilikuwa kuta bila paa, na ndani ya kuta kulikuwa na magugu marefu kunizidi, na mnajua mimi si mfupi. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilijiona mtu anayeleta kitu.

Pembeni ya kiwanja, kwenye shamba lililolala miaka mingi, niliona malundo ya mawe, kumi na moja, yanafika magotini, yamepangwa yakifuata mteremko. Nanyi mmekulia hapa. Kwetu nani hajui lundo la mawe shambani? Ni mawe ambayo jembe limeyatoa, umeyatupa pembeni, na jirani akijenga anakuja kuyabeba na wewe unamshukuru kwa kukusafishia shamba. Sikuuliza. Mtu wa kwingine, aliyetoka pasipo na mawe, labda angeuliza. Mimi nilijua mno.

Nilisimama kwenye kigingi cha kona ya jengo, ile kona inayotazama mto, nikahesabu hatua mpaka kila lundo na kuandika kwenye daftari langu pamoja na mchoro, ili niwagawie vijana wa kubeba kazi kwa haki, wa mbali apate nusu ya mzigo wa wa karibu. Siku ya pili hawakuja. Nikawafuata, nikawakuta wamekaa ukutani, nikawaambia maneno ambayo leo yananichoma kuliko ugonjwa huu. Niliwaambia, "Nyie mmezoea mgao wa kambini, mnangoja na shule mletewe kwa bakuli." Kesho yake walikuja, wakabeba mawe yote siku nne bila kusema neno wala kuimba, nami nikajisifu kwamba nimewatia adabu.

Msingi ukapanda, kuta zikapanda, bati likapigwa. Greda la mradi likaja kusawazisha lile shamba liwe uwanja wa watoto, likang'oa na mparachichi uliokuwa pale. Siku ya mwisho nikiwa nafungasha vyombo, akaja mama mmoja, Spesioza, aliyekuwa anatupikia maharage na aliyejua Kiswahili kwa sababu ya kambi. Alipapasa ukuta, akasema, "Fundi, umejenga vizuri. Sasa niambie, mume wangu umemwacha wapi?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Walipouawa hapakuwa na muda wala msalaba. Walizikwa mmoja mmoja pale walipoangukia, na juu ya kila mmoja waliobaki walirundika mawe usiku huohuo kabla ya kukimbia, ili wakirudi wawajue. La mumewe lilikuwa la nne kuhesabu kutoka kwenye mparachichi. Nikamuuliza, "Mama, mbona hamkuniambia?" Akasema, "Tungekuambia, ungeuliza nani aliwaua. Na aliyewaua anaye mtoto atakayesoma hapa, na mimi ninaye mjukuu. Tulitaka shule, fundi. Lakini mwanzoni yalikuwepo mawe ya kutazama, na sasa sijui nitazame wapi."

Penina, andika hili polepole. Daftari lilikuwa mfukoni mwa shati langu, hapa. Lundo la nne kutoka kwenye mparachichi, hatua thelathini na nane, limeandikwa kwa mkono wangu. Ilikuwa ni kufungua ukurasa tu. Nikaenda kwanza kwa msimamizi wa mradi. Akaniambia, "Leonce, wageni wa ufunguzi wanafika Alhamisi. Ukianza kuonyesha makaburi, hawa wataanza tena kuonyeshana wauaji. Nyamaza, panda gari." Nikanyamaza, nikapanda gari. Mama yule alisimama kando ya barabara, nikamwambia kupitia dirishani, "Nitakuletea jibu." Cheti walichonipa ndicho kile kinachoning'inia juu ya redio, mlichokuwa mkiwaonyesha wageni. Kishusheni. Bati lililo juu yetu limetokana na ujira ule, nalo siwezi kuwaambia mling'oe, mama yenu atalowa.

Miaka kumi na saba. Nilisema nitakwenda tukivuna, nikasema mipakani kuna fujo, nikasema mguu. Hivyo vyote ni visingizio. Niliona aibu. Nikampeleka ndugu yangu barazani kwa lundo moja lililosogea hatua tatu, huku mfukoni ninayo kumi na moja niliyoyaondoa kabisa. Sasa mmejua kwa nini msimdai Piusi. Muiteni ale hapa siku ya kunizika, na akae mbele.

Daftari limo ndani ya sanduku, chini ya suti. Lazima lifike kwa yule mama, au kwa mjukuu wake, au kwa yeyote anayeuliza. Penina, najua wewe ungekwenda hata kesho, lakini hutaweza peke yako. Nilipima kwa miguu yangu, sikupima kwa futi. Hatua zako ni fupi. Ungewaonyesha watu udongo mtupu wakalia juu yake, na hilo ni baya kuliko kunyamaza. Isaya, inuka. Inuka, baba. Najua una wageni kesho, na najua unasema moyoni kwamba mambo ya Burundi hayakuhusu. Toka mlangoni hapo mpaka kwenye zizi ni hatua zangu ishirini na saba, nimezitembea maisha yangu yote. Nenda, hesabu kwa sauti.

Ishirini na nne. Unatembea kama mtu anayemwahi simba aliyetajwa kwenye redio ya gari. Rudi. Usinyooshe mguu kwa makusudi, usiharakishe. Tembea kama umechoka na una kazi bado.

Ishirini na tano... sita... saba. Umeona? Mama Isaya, umemwona? Miguu ni yangu hiyo. Mashamba hata serikali ya kijiji ingeweza kuwagawia, lakini mwendo huo, Isaya, hakuna mwingine wa kumwachia. Uende mwenyewe. Usimtume mtu. Ukifika usiseme baba yangu hakujua, sema alijua siku ya mwisho akapanda gari. Kona inayotazama mto. Uhesabu kwa sauti, wasikie.

Nipeni maji. Basi, yanatosha... Mungu awape usingizi, ule mimi sikuupata. Awape... Angelina, shika kikombe. Penina, usiandike tena, mwanangu. Funga.

Leonce alifariki siku ya tano baada ya kusema haya, akazikwa upande wa juu wa shamba la mbaazi. Piusi alikaa mbele, akala, hakuambiwa sababu.

Isaya hakwenda mwaka ule. Alisema ni msimu wa wageni, na msimu ulipokwisha alisema gari ni bovu. Alikwenda Februari 2025, pamoja na Penina. Spesioza walimkuta ameketi nyumbani kwa mjukuu wake, haoni tena. Alimsikiliza Isaya mpaka mwisho, akauliza tu, "Yeye mwenyewe alishindwa kuja?" Kisha akaomba apelekwe uwanjani. Watoto wa shule walisimamisha mpira. Isaya alisimama kwenye kona inayotazama mto, daftari mkononi, akaufuata mchoro, akatembea kama alivyofundishwa, akihesabu kwa sauti, na kwenye thelathini na nane akasimama. Spesioza aliongozwa kwa kuifuata sauti yake. Alipiga magoti, akapapasa nyasi, akasema, "Miaka yote hii nilikuwa nakuja kukaa upande ule mwingine."

Wengine watatu walikuja jioni ile kuulizia watu wao. Malundo saba hayajauliziwa na mtu.

Katika waliotajwa humu, Angelina, Penina, Piusi na Talha wako hai. Msimamizi wa mradi hakuna anayejua alipo. Spesioza alifariki Pasaka ya mwaka huohuo. Isaya yu hai, na wale saba, kama mtu atakuja kuwaulizia, ni yeye peke yake anayeweza kuonyesha walipo.