Mchoro wa Arobaini na Moja

Elfu themanini! Nimewasikia. Mlango mmeufunga lakini ukuta huu ni wa mbao, na kwangu mimi kilichokufa ni miguu, si masikio. Mkubwa anasema tumuuzie yule mnunuzi michoro yangu yote kabla hajabadili mawazo, na Kitindamimba analia eti tungoje kwanza mama... mama afanye nini? Malizia, binti yangu, hilo neno halimuumi mtu. Haya, acheni kuzozana ukumbini, ingieni mkae hapa kitandani, na mnisikilize wanangu, maana nitasema mara moja, pumzi ya kurudia sina.

Nyumba ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, na atakayeleta ubishi wa vyumba nitamtokea usingizini. Brashi ni za Kitindamimba, ndiye anayejua kuziosha. Lenzi achukue Mkubwa, labda itamsaidia kusoma mikataba kabla ya kutia saini. Ile michoro mia mbili na kumi na mmoja iliyobaki kabatini, iuzeni, sitanuna. Lakini wa arobaini na moja hauuzwi.

Mnajua nilivyoanza. Kwenye lile jumba la mimea iliyokaushwa niliingia na ufagio, sikuingia na cheti. Mjomba wenu, kaka yangu wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa akipanda milima na kukata majangwa kuleta maua pori ya jamii ya alizeti, ameyabana katikati ya magazeti, kila moja na maandishi ya mahali alipolichuma. Mchoraji alipougua nikashika penseli yake, nikajifundisha kwa kuhesabu. Watu huona ua moja la njano; mimi niliweka lenzi nikaona kile kitovu ni maua madogo mia mbili yamesongamana kama watu kwenye foleni, nikayachora yote, moja moja, bila kubabaisha. Ndiyo maana waliniamini.

Mwaka wa kile kitabu kikubwa cha maua ya jumba nilikuwa na maua mawili mezani. Moja la mlimani, majani yake yana manyoya ya kujikinga na baridi. Jingine la jangwani, nalo majani yake yana manyoya, ya kujikinga na jua. Yakikauka yote huwa rangi ya majivu. Nikafungua dirisha kwa joto, upepo ukaingia, vichwa vikakatika vikaanguka. Nikaokota kichwa cha mlimani, nikakiweka juu ya shina la jangwani nikidhani ni chake, nikachora kwa ustadi wangu wote; ndio huo wa arobaini na moja. Ua lile halipo duniani, wanangu. Nililitengeneza mimi.

Kitabu kikatoka. Wataalamu wakaenda jangwani, pale pale alipoandika mjomba wenu, wakazunguka wiki tatu, wakarudi na midomo iliyopasuka na hasira tupu. Wakasema mkusanyaji ni mwongo, hajafika jangwani, kaungaunga maua ya njiani. Mkuu wa jumba akaniita: "Dada, ulichora ulicholetewa?" Nilikuwa nimeshagundua. Manyoya ya mlimani hulala, ya jangwani husimama; kwenye lile ua ya kichwani yalilala, ya shinani yalisimama. Nilikuwa nimeyaona tena kwenye lenzi, nikanyamaza. Barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa mbele yake, inangoja saini. Nikamjibu, "Nilichora nilicholetewa."

Mimi! Mimi niliyewachapa mkalia kwa uongo wenu wa peremende moja.

Mjomba wenu akafukuzwa. Nyinyi mkaambiwa tuligombana kwa ajili ya hasira zangu. Hasira ninazo, sikatai, ila yeye hakunikosea kitu. Ile saini ndiyo iliyowasomesha.

Sasa huyo mnunuzi anautaka huo kuliko yote, kwa kuwa ni "ua lisiloonekana tena." Bila huo hatoi elfu themanini. Na droo ya tatu hulia ikivutwa, Mkubwa. Jana ulipouchukua nilikuwa nimefumba macho tu. Usiangalie dari, niangalie mimi. Ulidhani nitauchana? Siuchani. Nitaandika chini yake: kichwa ni cha mlimani, shina ni la jangwani, kosa ni la mchoraji, mkusanyaji alisema kweli. Nitie saini, nimkabidhi mjomba wenu mwenyewe mkononi, aupeleke jumbani au autundike ukutani kwake, shauri lake. Mnunuzi akitoa ishirini kwa iliyobaki, pokeeni ishirini. Asipotoa kitu, mtafanya kazi kama nilivyofanya mimi.

Hiyo fimbo inayogonga sakafu ukumbini ni ya kaka yangu. Nilimtumia ujumbe. Miaka thelathini na minne hajakanyaga hapa.

Sogeeni. Mkono huu... uwekeni nyinyi wenyewe vichwani mwenu, mzito. Muwe wazima. Mpendane hata siku mkichokana. Macho yenu yaone kilichopo, na midomo... iseme hicho hicho. Basi. Niinulieni mto.

Penseli ninayo, iko chini ya shuka. Nimeichonga asubuhi.

Mkubwa. Leta mchoro wa mjomba wako.