Kipanya Kilichofunga Mkono wa Kuume

Banamama, bababa, amani ya Bwana ikae nasi. Muitike kwa nguvu, maana leo mi sikuja kulia!

Kule kwetu Bukavu, kabla ya vita ya pili ya Congo, nilikuwa nachunga kompyuta ya kampuni. Si hii ndogo ya mezani, wala si ile ya kujaza nyumba nzima. Ni ya katikati, ukubwa wa frigo ya jikoni, inakaa peke yake kwenye chumba cha baridi na kulisha ekrani za bureau zote, kila ofisi na kioo chake. Vita ikakuja, nikakimbia na batoto. Hapa Malawi, kwenye kambi hii ya Dzaleka, nikaanza kushona. Nikitaja kazi yangu ya zamani, bantu wanacheka: "Madame Ordinateur, mama kompyuta, we tuwekee kifungo tu!" Ndugu zangu, nawaambia, nilifika mahali nikaacha kuitaja. Niliona haya ya maisha yangu mwenyewe.

Dada mmoja wa kanisa hili, fundi wa nguo kule mtaa wa Mchesi, yeye njo alinitaja kwa tajiri wa duka la jumla mjini Lilongwe. Tajiri alikuwa na mashine kama ile yangu. Ekrani zilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani, na alikuwa amezichoka. Alitaka madirisha, rangi, picha za kubonyeza kwa kipanya. Programu zilikuwa mbili, akaniambia, "Nichagulie. Ukichagua vizuri, mashine utaichunga wewe, na ruhusa ya kutoka kambini nitakuombea mimi. Ukikosea, zikomo, asante, tuagane."

Ya kwanza ilipambwa kama bibi arusi! Picha ya gari, picha ya gunia, kila kitu kwa kipanya. Ya pili ilizivalisha tu ekrani za zamani: rangi iko, madirisha iko, lakini ukitaka, kazi yote unaimaliza kwa klaviye, kwa kupiga herufi tu, bila kugusa kipanya. Tajiri alishapenda ile ya kwanza. Na mi pia, tusidanganyane, macho yangu yalienda kule.

Tukaijaribu ile ya kwanza kwenye kaunta. Akaingia mzee mmoja, mfanyabiashara wa mtaa wa Kawale. Karani, mkono wa kuume umefungwa na kipanya, macho yanafuata mshale, akamnyooshea risiti kwa mkono wa kushoto. Banamama, munajua wenyewe, hapa kama kwetu, mkubwa hapewi kitu kwa kushoto! Mzee hakuipokea. Akageuka, akatoka.

"Karani hana adabu," tajiri akasema. "Nitamfundisha."

Nikasema ndani yangu: adabu anayo, mkono njo hana. Nikimpinga tajiri, nabomoa kile anapenda. Nikinyamaza, wateja wanakimbia na mi narudi kwa sindano. Nikamwomba Mungu kinywa.

"Bwana," nikasema, "ukae hapo wewe mwenyewe, uhudumie."

Akacheka, akakaa. Mstari ukajaa. Na Mungu wetu ana mambo yake, nani akaingia kuchukua sukari? Mama mkwe wake! Tajiri yuko anatafuta ile picha ya gunia, jasho linamtoka, akamnyooshea karatasi. Kwa kushoto! Mama akamwangalia tu. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Alelu... ngoja kwanza, mutacheka nikimaliza! Tajiri aliruka pale kwenye kiti. Akaomba msamaha amepiga magoti. Nikamfungulia ile programu ya pili. Akaandika, akaacha klaviye, mikono yote miwili huru, akampa mama risiti kwa kuume, kushoto imeshika kiwiko, vile inatakiwa. Mama akapokea.

"Njo hii," nikamwambia.

"Njo hiyo," akajibu. "Jumatatu unaanza."

Nikatoka nje nikalia, lakini kilio kile hata malaika walikipigia makofi.

Dada wa Mchesi, simama bantu bakuone. Mi nilikuwa nimejificha, we ukanitaja. Mungu akubariki, na ninyi mulionilishia batoto siku nilizokuwa mjini, aksanti sana.

Banamama, humu ndani kuna banesi, kuna balimu, kuna bafundi wa redio, wamekaa kimya kama mi nilivyokaa. Kesho mtu akikuuliza ulikuwa nani kwenu, usiinamishe kichwa. Umujibu.