Kipara cha Kilomita na Sukari ya Kisumu

Otiende alikuwa hajamaliza kumsalimia Kagoya wakati jasho jeusi lilipomtiririka kutoka utosini, likapita sikioni, likatua kwenye kola ya shati jeupe alilolipiga pasi Jinja asubuhi hiyo. Dereva huyu wa lori, ambaye kijiwe cha kahawa cha Malukhu, hapa Mbale, kilimwita Kilomita, alikuwa ameshaaibika Mombasa, Juba na Bujumbura, lakini aibu ya Mbale ilikuwa na rangi. Leo alikuja kumwomba mjane huyu muuza kahawa waoane, ndiyo maana kipara akakipaka weusi.

Isa, fundi viatu, akanusa.

— Hiyo si rangi yangu ya viatu? Ulisema ni ya buti.

— Niliogopa ungeniuliza habari za kichwa.

Kagoya akawamiminia kahawa chungu. Tangu Wahindi wafukuzwe na maduka yao kugawiwa maafande wa jeshi, sukari ilikuwa haionekani. Otiende akalalamika kwamba kidevuni ana msitu. Mbona utosi unagoma?

Masaba, mwalimu wa sayansi, akasogea mbele kwenye benchi. Akaeleza kwamba kila seli ya mwili ina kitabu kilekile kizima cha maagizo. Seli ya kidevu na ya utosi hazipishani hata herufi. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa. Wataalamu walimchunguza bakteria wa tumboni, wakakuta jeni zake, yaani kurasa zake, za kula sukari ya maziwa zimekaliwa na mlinzi. Sukari hiyo ikiingia, inamshika mlinzi, anabanduka mlangoni, kazi inaanza. Ikiisha, anarudi.

— Mwalimu, pole pole, Isa akanong'ona, jicho barabarani. Maneno ya mlinzi na mlango, hapa hapana.

— Ni mlinzi wa bakteria, bwana.

— Afande atakuuliza bakteria wa kabila gani.

Wamboga, mpakia magunia, akaamua kwamba basi dawa ni kupaka sukari kichwani. Isa akataka iongezwe asali, ili siafu waje wazivute nywele kutoka ndani. Masaba akapiga kelele kwamba bakteria si Kilomita, hakuna aliyemsikiliza. Otiende alikuwa ameshafika kwenye lori. Chini ya kiti alikuwa ameficha kilo mbili za sukari kutoka Kisumu, ng'ambo ya mpaka, zawadi ya Kagoya. Akarudi nazo, akasimama mbele ya benchi, mkono mmoja kwenye pakiti, mwingine kwenye kipara, asijue aanze wapi.

Hapo Kagoya akauliza:

— Mwalimu, huyo mlinzi wa kichwani, yeye anangoja nini ndiyo atoke?

Masaba akasema hilo halijaandikwa bado.

— Basi nijaribu kupaka, Otiende akasema. Mama Kagoya, nilitaka kukuomba tuoane nikiwa na nywele.

Kagoya akafunua birika.

— Sukari tia humu. Hicho kichwa nilishazoea.