Kilo Tatu za Malimi Masumbuko

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo chini ya sufuria. Kama unamlaza mtoto, mlaze taratibu, redio usiizime. Jioni hii tunamkumbuka Malimi Masumbuko, bondia wa Uyole, hapa Mbeya.

Malimi Masumbuko alifariki mwezi wa tatu, akiwa na miaka hamsini na saba. Figo ndizo zilizomchukua. Aliushika mkanda wa ngumi wa Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kumi na moja, na akautetea mara kumi na nne. Mara kumi na nne, wasikilizaji, na hakupigwa hata moja.

Lakini wewe na mimi tunajua kinachosemwa vijiweni. Kwamba Malimi alikuwa bingwa wa kuchagua. Kwamba Saulo Kihwele wa Iringa alimwita ulingoni mara tatu, na mara tatu Malimi hakwenda. Hata msibani, pale pa kunawia mikono, mtu mmoja alisikika akisema, "Huyu, kifo ndiye mpinzani pekee aliyeshindwa kumkwepa." Watu wakacheka, maana msiba nao una mambo yake. Nyuma yao, na jagi la maji mkononi, alikuwa amesimama binti wa marehemu.

Binti huyo anaitwa Catherine Malimi. Ana miaka ishirini na minane, ni fundi cherehani. Aliyasikia yale maneno, akaendelea kumimina maji. Hakukasirika. Alikuwa anajua jambo ambalo wale waliokuwa wakicheka hawakulijua. Baba yake alikuwa amemwambia.

Tuanzie nyumbani kwao. Malimi alizaliwa kwenye boma la ng'ombe. Wazazi wake walitoka usukumani na mifugo yao, wakashukia bonde la Usangu. Kaka yake mkubwa, mzee Makoye, yuko huko mpaka leo. Anasema mdogo wake alianza ngumi kwa kugombania maji ya ng'ombe. "Alikuwa anapiga kwanza, halafu anasalimia," anasema mzee Makoye. Akiwa kijana Malimi akaja Uyole kubeba mizigo sokoni. Akampata kocha, Ezron. Akampata na mke, Tupokigwe, binti wa wakulima wa viazi wa huko mlimani.

Sasa hapa, msikilizaji, sikiliza vizuri. Desturi ya ngumi za huku ilikuwa kwamba bingwa hafuatwi mezani, anafuatwa nyumbani. Anayeutaka mkanda anakuja kwa mwenye mkanda. Kwa hiyo mabondia wote walikuja Uyole, na wote walipimwa uzito Uyole. Walipimwa wapi? Kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa viazi, juu ya mizani yake ya chuma ya kupimia magunia. Hapakuwa na mizani nyingine ya kumbeba mtu mzima. Uzito wa mkanda ule ulikuwa kilo sitini na sita. Malimi akipanda inasoma sitini na sita kamili. Mgeni, aliyejipima kwao akapata sitini na sita, akipanda inasoma sitini na tatu.

Kila mara sitini na tatu. Na watu wa Uyole walikuwa wanacheka! "Watani wa Iringa mmedondosha kilo njiani, Makambako?" "Mpeni chai mgeni, basi limemkondesha!" Kocha Ezron ndiye aliyekuwa anaongoza utani huo.

Na mizani ile, wasikilizaji, kila mkulima alijua kwamba inapunja. Gunia linatoka shambani na kilo mia, pale linasoma tisini na tano na nusu. Tupokigwe mwenyewe, mke wa bingwa, aligombana na mnunuzi yule mpaka akaitwa mwanamke mkorofi. Watu walewale waliolalamika asubuhi kwamba mizani inaiba viazi, jioni walisimama hapohapo kuangalia mabondia wakipimwa, wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza. Mizani ilikuwa ya viazi. Nani afikirie kwamba inamwongopea na mtu?

Mwaka elfu mbili na tatu ndipo Saulo Kihwele alipotuma ujumbe wa kwanza. Alikuwa hajapigwa kwa miaka minne. Alisema yuko tayari kwa lolote, ila kwa sharti moja. Pambano liwe Iringa, na uzito upimwe kwa mizani ya hospitali. Wenzake wamechoka kukondeshwa na basi. Malimi alicheka, akakubali.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, Malimi alikwenda Tosamaganga, kule Iringa. Dada yake alikuwa amelazwa pale hospitali. Muuguzi mmoja, Evarista, alimtambua. Akamtania, "Bingwa, hebu panda mizani hii nasi tuone hizo kilo zinazotupigia vijana wetu." Malimi akapanda. Sitini na tisa na nusu. Akashuka, akavua viatu na koti. Akapanda tena. Sitini na tisa kamili.

Evarista akasema, "Eh, bingwa, shemeji anakulisha vizuri."

Kilo tatu zaidi, wasikilizaji. Malimi aliwaza njia nzima ya kurudi. Kilo tatu hizo alikuwa nazo kila alipopigana. Mapambano kumi na moja ya kuutetea mkanda, na kila mara alimzidi mwenzake kilo tatu bila kujua. Alifika nyumbani, akamwambia mke wake peke yake.

Alijaribu kuzipunguza. Kwa wiki tatu alikula uji na mboga, akakimbia na makoti mawili. Kilo zilishuka, na nguvu nazo zikashuka. Siku moja mazoezini alipangwa na kijana mchimba dhahabu kutoka Makongolosi, mtu ambaye hata jina lake halikuandikwa popote. Kijana akamwangusha. Kocha Ezron akadhani bingwa ameteleza. Malimi alijua hakuteleza.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaenda Iringa kwamba bingwa ameumia mkono. Saulo akaita mara ya pili, akajibiwa kwamba bingwa yuko Usangu na ng'ombe wa baba yake. Akaita mara ya tatu, hakujibiwa. Na katikati ya hapo, wasikilizaji wapendwa, Malimi alipigana mara tatu zaidi hapahapa Uyole, kwa mizani ileile, huku anajua. Hatutalipita hilo kimyakimya, kwa sababu mwenyewe hakutaka lipitwe.

Mwezi wa pili mwaka huu, akiwa kitandani, alimwita Catherine. Akamweleza yote kama tulivyokueleza. Catherine akamuuliza, "Kwa hiyo baba, ni kweli ulimwogopa Saulo?"

Malimi akasema, "Niliogopa, mwanangu. Ila sio Saulo. Nilimwogopa Malimi wa kilo sitini na sita. Sikuwahi kumwona anapigana." Kisha akasema, "Nikiondoka, mpelekee Saulo mkanda. Mwambie na sababu."

Baada ya mazishi Catherine aliwaeleza wakubwa. Mzee Makoye alisimama. "Unataka tumzike baba yako mara mbili? Mkanda unatoka ukoo huu unakwenda kwa watu wa Iringa, na aibu juu yake! Watoto wako wataitwa wajukuu wa nani?"

Catherine anasema usiku na mchana alikuwa na swali moja tu: je, jina la baba yake litabaki na nini akilisema hili? Akinyamaza, baba anabaki bingwa anayenong'onwa. Akisema, huenda asibaki kitu.

Angeweza kunyamaza. Lakini kulikuwa na mizani. Ghala la viazi lilipofungwa, mizani ile ilipewa klabu ya ngumi ya Uyole, na inatumika mpaka leo. Siku chache baada ya msiba Catherine alipita klabu kuchukua glovu za baba yake. Akamkuta Blessing, msichana wa miaka kumi na tisa, bondia mzuri kweli, anashuka kwenye mizani ileile. "Dada Catherine! Hamsini na saba kamili! Dodoma nakwenda kuwaonyesha!"

Catherine akarudi nyumbani. Akamwambia mama yake, "Mama, nakwenda Iringa."

Mama Tupokigwe alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Nenda. Mizani ile nimeilalamikia mimi kabla hujazaliwa. Hakuna aliyenisikia, wa kwanza baba yako."

Saulo Kihwele sasa ni fundi seremala, pale Ipogolo. Catherine alimkuta anapiga msasa mlango. Mkanda alikuwa ameufunga kwenye kitenge.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Kaa, ila sio hapo, vanishi haijakauka."

"Mimi naitwa Catherine. Ni binti wa..."

"Najua," akasema Saulo. "Una taya lake. Taya lile nimelitafuta miaka, sikulipata."

Catherine akasema yote. Alianza na viazi, akaenda na Evarista, akamaliza na yale mapambano matatu ya mwisho. Alipomaliza, mzee akauliza swali moja.

"Kilo tatu?"

"Tatu, baba."

"Kilo tatu!" Saulo aliketi juu ya mbao. "Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Hapa mtaani wananiambia, Saulo, wewe huna jina, ndiyo maana Msukuma yule hakukutaka. Na mimi nikaamini. Nikajiambia labda kweli mimi sio bondia wa maana. Kumbe ni kilo tatu." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao, akaacha alama. "Angeniambia tu. Ningekula ugali na maharage mwezi mzima na mimi nipande. Tungekutana kwenye sitini na tisa, bila mkanda, bila mtu, tukapigana zetu."

Catherine akamfungulia kitenge. Saulo aliutazama mkanda, hakuugusa.

"Alisema nikuachie wewe."

"Unaona? Bado anachagua! Yuko kaburini, bado anapanga lini na wapi!" Akacheka kweli. "Huo mkanda siuchukui. Mkanda haupandi basi kumfuata mtu. Unafuatwa ulingoni, na sisi siku zetu zimeisha. Lakini hayo maneno usiyaache hapa kwenye maranda yangu. Yaseme kwenu. Mbele ya watu."

"Watamtukana baba."

"Watamtukana. Mimi nitakuja, nitukane wa kwanza. Ni mtani wangu, nina haki."

Arobaini ya Malimi Masumbuko ilifanyika Uyole, Jumamosi, palepale klabu. Baada ya ibada, Catherine alisimama, karatasi mkononi. Akaikunja, akasema bila kusoma. Alisema baba yake alimzidi uzito kila aliyepigana naye, kwamba mara kumi na moja hakujua, na kwamba mara tatu alijua. Alisema ndiyo, baba yake alimkwepa Saulo Kihwele.

Kocha Ezron, mzee wa miaka sabini na mbili, akanyanyuka. "Kwa hiyo mimi maisha yangu yote nimefundisha mwizi?"

Mama Tupokigwe akamjibu palepale alipokaa, "Kaa, Ezron. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma mizani, na kutania wageni kwamba wamekondeshwa na basi."

Mzee Ezron akakaa.

Wakati huo Saulo alikuwa mlangoni. Alikuja na kifurushi kwapani. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mizani ya viazi, akapanda na viatu vyake. "Sabini na nne! Nyumbani nina sabini na nane. Mizani hii ina upendo, ndiyo maana mtani wangu hakutaka kuiacha." Watu walicheka, na mzee Makoye alijikuta amecheka nao. Kisha Saulo akakigeukia kiti ambacho juu yake palikuwa na picha ya marehemu. "Malimi, umenikimbia mara tatu, na leo ya nne. Mwoga wewe! Lakini umemzaa asiyekimbia."

Akafungua kifurushi. Ilikuwa mizani mpya, imepigwa muhuri wa watu wa vipimo. Akaiweka sakafuni. "Nani ana pambano karibu?"

Wote wakamwangalia Blessing. Blessing akavua viatu, akapanda. Hamsini na tisa na nusu. "Mama yangu!" akasema.

Dodoma ilikuwa imebaki wiki tatu. Saulo akamwinamia. "Mtani wangu alizipata kilo hizi akakaa nazo. Wewe wiki tatu zinakutosha. Kimbia."

Blessing alivaa viatu. Kocha Ezron alimtazama, akamtazama Saulo, kisha akachukua saa yake ya kupimia mwendo na kutoka naye nje. Wali ulikuwa bado haujapakuliwa. Walionekana kwa dirisha wanaelekea barabara ya mlimani, binti mbele, mzee nyuma anapiga kelele za kuhesabu.

Mkanda wa Malimi Masumbuko uko ukutani pale klabu. Chini yake Catherine ameandika kwa mkono wake: kumi na moja bila kujua, matatu akijua. Asiyeamini aende akasome. Mijadala vijiweni haijaisha, na sisi hatuji kuimaliza. Ila sasa, wasikilizaji wapendwa, mnabishana mkiwa na hesabu kamili, na hesabu hiyo mmepewa na yeye mwenyewe.

Kwa mama Tupokigwe, kwa mzee Makoye na wote wa Usangu, na kwako Catherine, tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu, na ampumzishe Malimi mahali pema. Na wewe unayesikiliza, kabla hujalala, itafakari ile mizani yako ambayo kila siku inakupendelea. Unajua ni ipi. Kama kuna mtu alikondeshwa nayo, yuko hai, na nyumbani kwake panajulikana, usimwachie mwanao safari hiyo.

Blessing alipimwa Dodoma juzi. Hamsini na saba kamili.