Marehemu Eleuterio Xicale Rosete na Sanamu ya Kumi na Mbili (1968–2024)

Mjane, Mama Noemí, ameagiza wasifu huu usomwe wote bila kurukwa mstari, na marehemu asipambwe. Dada wa marehemu, Ofelia, ndiye aliyeuandika, mjane akiwa amesimama nyuma yake anasahihisha. Atakayesikia ukali mahali, ajue ukali huo una mwenyewe.

Marehemu Eleuterio Xicale Rosete alizaliwa tarehe 20 Februari 1968 hapa hapa San Pedro Cholula, mtoto wa nne wa marehemu Fidencio Xicale, mfyatua matofali, na marehemu Eulalia Rosete, aliyeuza uji wa mahindi nje ya soko. Alipewa jina la mtakatifu wa siku ile, na mama yake alisema mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto angechelewa siku mbili tu, angeitwa Pedro na kila mtu angeweza kulitamka jina lake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980, na sekondari mwaka 1984 kwa taabu. Sababu ya taabu inajulikana mtaa mzima. Mwaka 1983 duka la tortilla, zile chapati za mahindi, la pale kona lililetewa mashine ya mchezo wa video, “Jeshi la Zuhali”, mashujaa kumi na wawili wa anga wakipigana na wadudu wa chuma. Siku moja alitumwa tortilla za chakula cha mchana saa saba. Akarudi saa kumi, mikono mitupu.

“Tortilla ziko wapi?” baba yake alimuuliza.

“Baba, leo nimefika sayari ya tano!”

“Haya, nenda kale huko huko.”

Mzee Fidencio alikula maharage kwa kijiko siku hiyo, na hakuisahau.

Mwaka 1989 alihitimu ufundi wa meno ya bandia mjini Puebla, akafungua karakana nyuma ya nyumba. Mikono yake ilikuwa na baraka. Nusu ya waliokaa hapa kanisani leo wanatafuna kwa kazi yake, na wengine tunawaona kabisa. Lakini foleni yake ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mwaka 2003 paroko wetu wa wakati huo aliendesha ibada wiki mbili bila meno ya mbele, kwa sababu marehemu alikuwa akiunga goti la sanamu ya Kamanda wa Jeshi la Zuhali, mali ya mwenzake, kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi. Alipoulizwa, alijibu kwamba padre anaweza kuomba bila meno, ila Kamanda hawezi kusimama bila goti.

Hapa inabidi zielezwe sanamu zenyewe. Mwaka 1986 kiwanda kimoja kilitoa sanamu za plastiki za wale mashujaa kumi na wawili, kila moja urefu wa kiganja, viungo vinakunjika, imefungiwa juu ya kadi ndani ya ganda gumu la plastiki. Baada ya miaka miwili kiwanda kikafa. Ya kumi na mbili, Rubani Nerea, mwanamke pekee katika jeshi zima, zilitoka chache mno. Marehemu alikuwa kijana asiye na kitu wakati zinauzwa, na alipoanza kupata kitu zilikuwa hazipo tena. Matatizo ya familia hii yameanzia hapo.

Tarehe 9 Novemba 1991 alifunga ndoa na Bi. Refugio Tecuapetla, ambaye leo ndiye mjane wetu, Mama Noemí. Kesho yake maharusi walipanda basi kwenda Veracruz kuona bahari. Basi liliposimama Orizaba, marehemu aliona kwenye dirisha la duka la vinyozi sanamu ya nane, mpya, haijafunguliwa. “Dakika moja tu, mke wangu.” Bibi harusi alishuka kumfuata amrudishe. Basi likaondoka. Masanduku yao yalifika Veracruz salama. Wao hawakufika, na Mama Noemí hajaiona bahari mpaka leo. Marehemu alikuwa na desturi ya kuiandikia kila sanamu kikaratasi: tarehe, mahali, na aliyekuwa naye. Cha sanamu hiyo kinasema: “Orizaba, 10 Novemba 1991. Nikiwa na mke wangu. Kanuna.”

Walijaliwa mtoto mmoja, Noemí, mwaka 1994. Mtoto alilala sebuleni mpaka ana miaka tisa, kwa sababu chumba chake kilikuwa na kabati la jeshi. Kabati lilikuwa na pazia zito, jua lisiingie, na mlango haukufunguliwa ovyo, vumbi lisiingie. Kugusa, marufuku. Kulitoa ganda ilikuwa dhambi isiyo na maungamo.

“Mtu mzima na wanasesere!” mkewe alikuwa akimwambia.

“Siyo wanasesere, Mama Noemí. Ni mkusanyiko.”

“Na mimi je? Baba Noemí, hebu niambie leo, umenioa mimi au umeoa kabati?”

Swali hilo alimuuliza miaka thelathini na miwili. Alimuuliza kwa utani, akamuuliza kwa hasira, na mwaka ule Noemí alipoumwa homa kwenye kochi la sebuleni, alimuuliza akilia. Marehemu hakulijibu hata mara moja. Alikuwa akitabasamu tu, jambo ambalo, mjane ameagiza iandikwe, linachosha kuliko matusi.

Zilipotimia kumi na moja, akabaki Nerea. Basi kila Jumapili baada ya misa ya saa moja, watu hawa wawili walikwenda gulio la vitu vya kale. Meza kwa meza: “Nerea hayupo?” Hayupo. Halafu uji wa mahindi vikombe viwili, mkate mmoja wa cemita wakigawana, nyama kwa mke, parachichi kwa mume. Mama Noemí magoti yake mabovu, jua la Cholula halina huruma, na mawe ya ile njia mnayajua. Kila Jumapili alisema hatakwenda tena. Kila Jumapili marehemu alimshikia shali mlangoni akisema, “Twende bwana, leo ndiyo leo.”

Mwezi Machi 2022 madaktari waligundua mapafu yake yameharibika kwa vumbi la kusaga meno ya bandia. Hata hapo hakuacha. Mwaka mzima uliopita alikwenda gulioni na mtungi wa oksijeni wa magurudumu, na aliyeuvuta ule mtungi juu ya mawe ni mkewe. Hospitalini, Jumatano ya wiki hii, alimwambia, “Mama Noemí, nikiondoka usizifungue.”

“Ukishaondoka tu nazifungua zote. Nakuapia.”

Alicheka mpaka akakohoa. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 11 Januari 2024, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Mama Noemí ni mtu wa neno lake. Jana Ijumaa asubuhi, jeneza likiwa sebuleni na watu wanakunywa kahawa, alichukua mkasi akaingia chumba cha kabati. Alifungua ya kwanza. Ilikuwa inanata kama peremende iliyotemwa. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja. Zote zilikuwa zimetoa jasho la mafuta. Fundi wa plastiki, jamani! Mtu aliyeshika plastiki kila siku ya maisha yake hakujua kwamba plastiki ile ikifungiwa bila hewa huoza yenyewe. Zile ambazo watoto wa jirani walizichezea matopeni miaka yote hiyo ni kavu na nzima mpaka leo.

Alikwenda karakana kutafuta spiriti anawe mikono. Akavuta droo ya meno ya plasta. Humo, juu ya pamba, bila ganda, safi, mkavu, mguu wa kushoto umeungwa kwa plastiki ya waridi, alikuwa amelala Rubani Nerea. Kikaratasi kilisema: “Jumapili, 14 Juni 2015. Gulioni, kwenye ndoo ya Chava. Nikiwa na Mama Noemí, alikuwa anachagua parachichi. Asijue.”

Ukelele uliosikika jana, ambao wengi mlidhani ni wa msiba, ulikuwa wa hilo. Alitoka na sanamu mkononi mpaka kwenye jeneza.

“Mwongo mkubwa wewe! Miaka minane na nusu! Mtungi nimeuvuta mimi, na huyu yuko kwenye droo?”

Mzee Chava, muuza vitu chakavu, alisimama na kofia yake mkononi.

“Shemeji, nisamehe. Aliniapisha.”

“Na wewe ulijua?”

“Gulio zima tulijua, shemeji. Alisema, mke wangu akisikia amepatikana, Jumapili atabaki nyumbani na pasi yake. Akaniuliza, sasa Chava, mimi ile cemita nitagawana na nani?”

Mama Noemí aliketi. Akalia, na alipomaliza kulia alimtukana tena marehemu, polepole safari hii, huku akimweka sawa kola ya shati.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Refugio, binti, Noemí, mkwe, Abundio, mjukuu mmoja, dada, Ofelia, na sanamu kumi na moja zinazonata ambazo hakuna anayezitaka.

Tulishauri Nerea azikwe naye. Mjane amekataa. Amesema marehemu aende mikono mitupu, na huko aliko aendelee kuuliza meza kwa meza kila Jumapili, mpaka siku atakapofika yeye mjane na Nerea kwenye mkoba.

Mpaka siku hiyo apumzike kwa amani, na amwekee mkewe kipande chenye nyama.